Udongo Kwenye Kucha za Mama

Jumamosi asubuhi Chiriku alikuwa uani akifua sare zake za shule, na mama yake akijipara ndani. Mama alikuwa karani, mtu wa viatu vya visigino na nguo zilizonyooshwa.

"Naenda ofisini kumalizia kazi, mwanangu," alisema, akatoka.

Chiriku hakuridhika. Jina hilo la utani alipewa kwa kupenda kusema, ila macho yake nayo hayakuwa na likizo. Jumamosi iliyopita alikuwa ameona udongo kwenye kucha za mama. Alipouliza, mama alificha mikono na kusema aliteleza njiani. Mtu ateleze, gauni libaki safi? Labda mama alikuwa amefukuzwa kazi. Labda kulikuwa na jambo baya zaidi. Chiriku aliogopa sana, maana hakuwa na tegemeo lingine.

Akaacha sare kwenye beseni, akamfuata mama akijibanza kwenye kuta kama paka mwizi. Mama alipita ofisi yake bila hata kuitazama. Nyuma ya soko aliangaza kulia na kushoto, kisha akaingia kwenye ua wa mfinyanzi.

Chiriku alichungulia penye ufa wa mlango. Mama alikuwa peku, kanga kiunoni, akikanda udongo kwa visigino huku akicheka! Kando yake mfinyanzi alilainisha mdomo wa chungu kwa kipande cha kibuyu.

"Mdogo wangu, binti yako utamleta lini?" mfinyanzi aliuliza.

Kicheko cha mama kilikatika. "Nitamleta vipi, dada? Mimi shuleni waliniita Miguu Matope. Hakuna aliyetaka kukaa nami dawati moja. Ndiyo maana niliikimbia kazi ya mama yetu, nikawa naijia kwa kujificha. Na juzi nimemsikia Chiriku na wenzake wakikuimbia 'Bibi Matope' pale sokoni."

Chiriku alihisi uso unamwaka kwa aibu. Kweli aliimba, tena kwa sauti kuliko wote. Akasukuma mlango.

"Shikamoo, mama mkubwa."

"Marahaba."

"Umenifuata?" mama alifoka.

"Nilidhani umefukuzwa kazi, mama. Nisameheni. Sikujua kama ni ndugu yetu."

"Na kama si ndugu yenu?" mama mkubwa aliuliza. "Haya, beba chungu hicho. Msamaha wako nitaupokea sokoni."

Walipofika sokoni wote watatu na vyungu vyao, wenzake Chiriku walikuwepo, na wimbo ukaanza mara moja. Mama alisita, akataka kurudi nyuma. Chiriku alimshika mkono.

"Nyamazeni!" alisema. "Kuimba kule kulikuwa kubaya, hata mimi nilikosea. Huyu ni mama yangu mkubwa. Na mama yangu naye ni mfinyanzi."

Wimbo ukafa. Mama akapangusa machozi, akaketi kando ya dada yake mbele ya watu wote, akaanza kupanga vyungu.

"Sasa nimeupokea," alisema mama mkubwa. "Watu husema mwacha asili ni mtumwa, mwanangu, lakini hawaulizi ni akina nani waliomcheka mpaka akaiacha. Mama yako hakuuchukia udongo. Alichoka kuchekwa. Kabla hujamlaumu anayekimbia kwao, jiulize kama si wewe unayemkimbiza."