Pua Iliyosusa

Jumamosi ile duka la mvinyo lilifurika watu. Mpishi mmoja aliingia na koti lake jeupe lenye unga mikononi, akanyakua chupa ya mvinyo mzito kuliko yote rafuni.

"Kaka, unampikia nani adhabu hiyo?" aliuliza muuzaji, dada mrefu mwenye kilemba cha zambarau. Wenzake walimwita Pua, kwa jinsi alivyotambua mvinyo kwa kunusa tu.

"Napika bata wa kuoka. Na uyoga."

"Huo utammeza bata wako mzima mzima." Akampa mwingine, mwekundu mwepesi wa zabibu za milima ya baridi. "Huu una adabu. Unanukia cheri na udongo ulionyeshewa. Bata ataongea, nao utamsikiliza."

Kesho yake mpishi alirudi. "Bata ameongea. Amesema nikuombe namba ya simu."

Kwa miezi mitatu wakawa chanda na pete. Mpishi alipika, Pua akaleta chupa ya mvinyo uleule: kwa samaki mnono, kwa jibini laini, hata kwa dengu. Pilipili kali tu aliikataa, maana, alisema, inaunyang'anya mvinyo ule sauti.

Kisha Pua akashikwa na mafua. Yalipoondoka, yaliondoka na harufu zote. Kahawa, sabuni, shingo ya mpenzi wake: kimya. Hofu ikamshika. Dukani wakijua, kazi hana. Na mpishi je, aliyempendea pua? Akafunga mdomo, akawa anauza kwa kumbukumbu.

Jioni moja, nyumbani kwa mpishi, alifungua chupa, akaonja, akatabasamu. "Mzuri, mpenzi."

Mpishi akanywa, akatema kwenye sinki. "Mzuri? Umeharibika huu! Unanuka boksi lililoloa! Nimeshinda jikoni tangu asubuhi, nawe hata kuonja vizuri hutaki? Kama umenichoka, sema."

Pua akachukua mkoba wake akatoka, machozi yakimlengalenga. Siku kumi zikapita bila simu, kila mmoja akimngoja mwenzake aanze.

Aliyepiga ni shangazi yake Pua. Alisikiliza yote, kisha akafoka. "Mficha maradhi kilio humuumbua, mwanangu. Nenda kamwambie. Akikukimbia, njoo kwangu tumsengenye mpaka tuchoke."

Jumapili mchana Pua alibisha hodi. Mpishi alifungua akiwa na aproni, ndevu zimemwota ovyo.

"Sisikii harufu," Pua alisema hata kabla ya kukaribishwa. "Mwezi mzima sasa. Ile chupa sikujua kama imeharibika. Sikukuchoka."

Mpishi aliegemea mlango, akashusha pumzi ndefu. "Ni hilo tu? Mimi nimekonda nikidhani una mwingine!"

"Si dogo hilo. Ulinipendea pua."

"Nilikupendea mdomo, wewe! Nani mwingine angenitania mbele ya foleni nzima? Pua ikirudi, karibu. Isiporudi, nitanusa kwa niaba yetu wawili. Mke si lazima anuse."

"Mke?"

"Masikio si yanafanya kazi?"

Pua akacheka, akalia, akamjibu "ndiyo" uso wake ukiwa umezama kifuani pake. Wakasimama hivyo mlangoni, mpaka kitu kikali kikampekecha puani. Akainua kichwa taratibu.

"Umeacha nini jikoni?"

"Mama yangu! Uyoga!" Mpishi akageuka akimbie. Pua akamkamata aproni, macho ameyafumba, akivuta pumzi mpaka kifua kikajaa.

"Umeungua," alisema huku akicheka kwa sauti. "Mpenzi, uyoga umeungua kabisa, nausikia! Usizime jiko kwanza. Niache ninuse."