Mchanga wa Mbegu

Karai lilikuwa limetundikwa msumarini tangu juzi, kavu, na bado lilikuwa likidondosha maji. Mshonaji aliweka ndoo chini yake akarudi kwenye cherehani. Alikuwa na hema la kumaliza. Kesho mumewe, fundi seremala, angeondoka na lori la wachimbaji kwenda kaskazini ya mbali, kule ambako, ukiwasikiliza watu, dhahabu huokotwa kama kuni. Waliorudi nayo hawakujulikana, lakini nani anauliza hayo siku ya kufunga mizigo?

Karai hilo la kuchekechea dhahabu walipewa bure na mchimbaji mzee wa mtaa wa pili, likiwa na mchanga mweusi kidogo kwenye kitako. Wachimbaji hawaoshi mchanga wa mwisho. Huuacha uwe mbegu, bahati iite bahati. Fundi alikataza hata kuupuliza.

Mchana huo mshonaji alisikia karai likizungushwa jikoni, chwa, chwa, kama mtu anayechekecha mchanga ndani ya maji. Akamwambia mumewe aache mazoezi, aje amshikie turubai. Mumewe akaitika kutoka uani, nyuma yake, mikono imejaa gundi.

Wakatazamana. Chwa, chwa. Kisha ikaja harufu ya udongo wa shimo lililofunguliwa sasa hivi, ikapita juu ya cherehani, ikamzunguka fundi mpaka akaanza kukohoa, na alipofungua kinywa kuvuta pumzi ikatoka sauti isiyo yake, nzito, yenye maji ndani, ikasema taratibu kama jirani anayetoa habari za kawaida:

"Shimo lina nafasi ya mmoja. Huyu ameshika mbegu yangu."

Mshonaji alikimbia hadi kwa yule mzee. Mzee alifungua mlango kiasi cha jicho, akanong'ona kwamba wenzake wawili walimezwa na shimo hilo, kwamba jini mwenye mchanga humfuata anayeutunza, na zamu ilikuwa imemfikia yeye, ndipo akaligawa karai.

"Nisamehe, mwanangu. Nilitaka kufa kitandani."

"Kafe unapopenda, mzee. Mume wangu humtoi kafara."

Alirudi mbio, hasira ikiwa mbele ya hofu. Akauchanganya ule mchanga na majivu, akasugua karai hadi likang'aa, fundi akimsihi amwachie hata punje, maana bila mbegu angerudi mikono mitupu.

"Rudi nayo mitupu," alimwambia kwa sauti ya chini. "Mimi naitaka hiyo hiyo mikono."

Alimwaga uchafu wote chooni. Kisha akabandika karai motoni, akatia mafuta, akakaanga vitunguu, kwa kuwa kila mchimbaji anajua dhahabu haikai penye mafuta, wala jini wake. Kitu kilipiga ukuta kutoka ndani, mara moja, halafu nyumba ikatulia.

Asubuhi lori likaja. Fundi alimkumbatia mkewe kwa upande mmoja tu, akiukinga mfuko wa shati, mfuko alioushona mke mwenyewe. Lori lilipoanza kujikongoja kwenye matope, mfuko ule ulilowa, maji yakashuka hadi kwenye suruali, na fundi yuko juu anacheka na wenzake bila kuhisi lolote. Alikuwa ameiba punje. Mume wangu mjinga, akawaza mshonaji, na akampenda kuliko siku zote.

Hakulia. Aliingia ndani, akalichukua karai na mafuta yake yaliyoganda, akalikimbilia lori, akapanda. Wachimbaji walimcheka. Akatia mkono mfukoni mwa mumewe. Mchanga haukuwamo tena. Kitambaa kilikuwa kimelowa tu, na chini yake, ndani ya kifua, alisikia chwa, chwa.

Alichota mafuta kwa vidole, akampaka kifuani.

"Shimo lako ni la mmoja," alikinong'oneza kile kifua. "Sisi tuko wawili, na hatuachani."

Sauti ilisita, kisha ikaanza tena. Akaongeza mafuta.