Picha ya Pili ya Ini la Mama

Chumba cha kusubiria CT scan kilikuwa kimefurika. Fundi mmoja wa kushona suti alisimama karibu na mama yake wakati binti mwenye sare ya kijani, mpiga picha, alipotoka kuuliza nani hajanywa maji ya kipimo. Fundi akanyoosha mkono. Binti akacheka, akamwambia anaulizia wagonjwa. Siku hiyo fundi aliondoka na namba ya simu ya binti.

Mama alikuwa na saratani ya ini. Alitundikiwa dawa ya kuamsha kinga ya mwili ipambane na uvimbe, kisha akaambiwa arudi baada ya wiki kadhaa, picha ioneshe kama dawa inafanya kazi. Katika wiki hizo mapenzi yalikolea. Asubuhi fundi alipiga simu kuuliza kipenzi chake amevaa nini, mchana amekula nini. Binti alimwita "msumbufu wangu", naye hakukana.

Picha ya pili aliipiga binti mwenyewe. Uvimbe ulikuwa umekua. Fundi akamvizia mlangoni.

"Umeona nini?"

"Ngoja daktari aisome, mpenzi."

"Kwani mimi ni nani kwako?"

Binti akarudi kwenye mashine. Majibu yalipotoka, fundi aliona amefichwa. Akaacha kupokea simu zake, akataka mama aache dawa. Hakutulia; koti la mteja alilishonea mikono yote miwili ya kushoto, akalifumua.

Daktari alikataa kuisitisha dawa. Alieleza kwamba kwa dawa hii, mara chache, uvimbe hutanuka kwanza kwa kuwa askari wa kinga ya mwili wamejazana ndani yake. Mama alikuwa anakula, na damu yake ilionesha nafuu. Waendelee, wapige picha nyingine.

"Binti wa watu angesema mapema, ungenirudisha nyumbani nikafie huko," mama alimwambia. "Hasira hasara, baba."

Picha ya tatu ilionesha uvimbe umesinyaa. Daktari alisema kupona bado, ila dawa inafanya kazi. Fundi akaenda moja kwa moja chumba cha mashine.

"Nilikukosea."

"Ulinikosea. Nilipiga simu mpaka nikajionea aibu."

"Nataka kuja kwenu na mama, aniposee yeye mwenyewe angali na nguvu."

"Na hali yake ikibadilika?"

"Tutakuwa wawili wa kumuuguza."

Binti alivua glavu, akaketi kwenye kitanda cha mashine, machozi yakamtoka. Mgonjwa aliyefuata alikuwa anagonga mlango.

"Jumamosi," alisema. "Jumamosi baba huwa nyumbani."