Jina la Mlima Shengoto

Kila asubuhi kabla ya kwenda skuli, Nadra alimlowekea bibi yake mkate kwenye chai na kumlisha. Bi Time alizaliwa bara, chini ya mlima wenye msitu mzito uitwao Shengoto. Zamani alikuwa haishi kuuhadithia, mpaka wajukuu wakimkimbia. Sasa, hapo nyumbani Kikwajuni, kumbukumbu zilikuwa zikimtoka moja moja.

Mwalimu Shaheen aliwataka wanafunzi wachore mlima au kilima na waeleze asili ya jina lake. Nadra alishajigamba kwamba wake utawashinda wote.

"Bibi, Shengoto maana yake nini?"

"Shengoto? Mtoto wa nani huyo?"

Aliuliza siku tatu, jibu likawa lile lile. Siku ya nne akatunga: mwindaji Shengoto alipotelea msituni na mbwa wake mwekundu, na mlima ukaitwa kwa jina lake. Uongo mtupu! Alipoisoma, darasa zima lilipiga makofi, na mwalimu akaibandika karatasi ukutani.

Jioni mama yake, aliposikia alivyopigiwa makofi, alimwambia, "Hebu mhadithie na bibi yako."

Nadra akaihadithia macho chini. Bi Time akasikiliza, akatabasamu.

Baada ya wiki, Bi Time aliamka akili zimemtulia. "Nadra!" aliita.

"Naam, bibi!" Ilikuwa miezi hajaitwa kwa jina lake. Akakimbilia kitandani. "Shengoto maana yake nini, bibi?"

"Hujui wewe? Alikuwa mwindaji, akapotelea msituni na mbwa wake mwekundu. Nlihadithiwa na mama'angu."

Nadra aliitambua hadithi yake. Mbwa yule alimtia yeye mwenyewe, ili hadithi inoge. Alikwenda skuli akilia, akamweleza mwalimu kila kitu.

"Hakuna mwengine anayejua?"

"Hakuna, mwalimu. Mama pia hajui, na ndugu zake bibi wote washakufa."

Mwalimu aliibandua karatasi. Nadra akaifuta hadithi, akaandika: *Sijui. Bibi yangu alikuwa akijua. Nilichelewa kumuuliza.*

"Uongo wa karatasi tumeufuta," alisema mwalimu kwa huzuni. "Ulioingia kwa bibi yako hatuna cha kuufutia. Usipojua, mwanangu, sema hujui. Utaona haya siku moja tu, lakini hutamharibia mtu chake."

Nadra aliporudi nyumbani, Bi Time alikuwa barazani akimhadithia jirani habari za mwindaji na mbwa wake mwekundu.