Pembe Mbili na Jina

Rukaya anapikia gesi, tena ya mtungi mkubwa, na majirani wote hapa Kitandililo tunajua, maana siku unashushwa alihakikisha tumeuona. Basi moshi wa kuni ulitoka wapi? Asubuhi moja ya ukungu aliamka akaukuta umejaa sebuleni, moshi wa miwati, miti ya kuni ya huku, ule mkali unaoganda kwenye nguo. Akanusa mapazia. Akanusa nywele za mwanawe Lulu. Akatoka nje kututazama sisi wenye mafiga, kama tumempulizia kusudi. Hakuna aliyekuwa amewasha moto.

Rukaya ni mtu wa Tanga. Kaletwa huku Makambako na mumewe Kheri, dereva wa lori, mwanamume anayelijua zaidi godoro la lori lake kuliko la mkewe. Mwanamke akiachwa na baridi hii na mtoto mchanga, afanye nini? Alikuwa na laptopu, na ndani yake ule mchezo wa kujenga kwa matofali ya mraba. Unachimba, unapanga, unapata nyumba, ukitaka hata mlima. Mchezo alifundishwa na rafiki yake Fidelia, binti wa Kidugala anayefanya kazi Njombe mjini. Walijenga katika dunia moja, huyu yuko Njombe, huyu Makambako, wanacheka kwenye simu kama waliokaa mkeka mmoja.

Fidelia ndiye aliyemwonyesha zana zilizofichwa. Hazimo kwenye mfuko wa mchezaji. Mpaka uandike amri, ndipo linakuja tofali la ajabu. Unaliweka kwenye pembe ya chini ya nyumba, na jingine pembe ya juu upande wa pili. Ukishaipa nyumba jina, yote imehifadhiwa, unaisimamisha popote unapotaka.

"Pembe mbili na jina, basi," Fidelia alimwambia. "Lakini palipoandikwa viumbe pana alama ya tiki, uitoe, shoga. Usipoitoa unabeba na waliomo ndani."

Na alimwonya jingine. Katika dunia yao kulikuwa na nyumba aliyoijenga peke yake, nyumba ya marehemu mama yake kama ilivyokuwa Kidugala: jiko la nje, mparachichi uani, mpaka ufa wa ukutani. Mlango ameuziba kwa mawe.

"Pale usiingie. Hata hodi usipige."

Rukaya akaona ni choyo tu.

Yakaja mashindano, wajenzi wa mkoa wanatumiana picha, mwenye nyumba nzuri anasifiwa. Nyumba za Rukaya zilifanana na mabanda ya kuku, na mwenyewe alijua. Mchana mmoja Lulu amelala, akaweka tofali pembe hii, akaweka pembe ile, akaandika jina, akaisimamisha nyumba ya marehemu kwenye kilima chake na kuipaka paa jekundu. Tiki hakuikumbuka. Sifa zikamiminika. Fidelia naye akapiga simu.

"Nyumba nzuri, shoga. Umejenga mwenyewe?"

"Mwenyewe."

"Haya. Hongera."

Lile neno lake, "mwenyewe", lilimkaa Rukaya kooni kama mwiba wa samaki. Akila, lipo. Akimnyonyesha mtoto, lipo. Kisha ukaja ule moshi, na baada ya moshi, kikohozi: kikavu, cha mama mtu mzima, kinatoka stoo, kikifuatiwa na mwiko unaokwangua chungu. Nyumba ya Rukaya haina chungu.

Alasiri moja alikuwa anachambua mchele.

"Hodi," ikaita sauti, kwa adabu kabisa.

Mtoto wa watu kalelewa akaleleka. Mdomo ukajibu kabla ya akili. "Karibu!"

Ndipo akaona kwamba mlango wa nje uko wazi, kizingitini hakuna mtu, na hodi ilitoka nyuma yake.

Kesho yake akakuta masizi sakafuni, kwenye pembe ya chumba cha Lulu, mraba ulionyooka kama umepimwa. Akafuta. Yakarudi. Akainua macho polepole, huku moyo ukimwambia usitazame, akatazama pembe ya juu upande wa pili, na pale kwenye dari masizi mengine yalikuwa yanajichora yenyewe, upande baada ya upande, bila mkono, na kikohozi kikasogea kutoka stoo hadi ukumbini, kutoka ukumbini hadi nyuma ya kisogo chake, akamnyakua mtoto akakimbilia mlango, na mahali pa mlango akapapasa mawe, mawe matupu, ya baridi, yamepangwa vizuri mpaka juu.

"Mtoto mzuri huyu," sauti ikasema. "Anaitwa nani?"

Akapiga simu.

"Fidelia," alinong'ona, "nilikuibia nyumba ya mama."

"Najua. Tiki uliitoa?"

"Sikuitoa."

"Mungu wangu! Rukaya, yule si mama. Mama alipofariki kilibaki kitu jikoni kwake kinakohoa kwa sauti yake. Siku niliyomaliza kujenga lile jiko kwenye mchezo, kikahamia kule. Ndiyo nikaziba."

"Kilipiga hodi, nikasema karibu. Sasa kinauliza jina la Lulu."

"Usikitajie!"

"Kitoe, dada yangu. Nakuomba."

Fidelia alikuwa analia. "Siku ile nilikuuliza kama umejenga mwenyewe. Ungesema hapana, tungekirudisha pamoja. Sasa umekikaribisha, na hakiondoki bila jina."

"Anaitwa nani?" sauti ikauliza, karibu na sikio la mtoto.

Rukaya akamtazama Lulu, akamfunika uso kwa kanga. Uongo mmoja ulileta yote haya. Akautoa wa pili.

"Anaitwa Rukaya," akasema.

Moshi ukakatika papo hapo. Mlango ukawa mlango.

Kheri aliporudi safari alikuta nyumba imetulia, mtoto mzima, mke mchangamfu. Anafurahi, masikini! Anasema mkewe hatimaye amewazoea watu wa huku. Kweli amezoea. Aliyekuwa hajui hata salamu sasa anatuamkia "Kamwene" kama mzaliwa wa Kidugala. Mtungi wa gesi umejaa, yeye yuko uani anapuliza kuni za miwati na kukohoa. Akimbeba Lulu, mtoto analia mpaka anakauka.

Fidelia alikuja mara moja. Hakuingia. Alimtazama machoni, akageuka, akaondoka kajifunika uso. Kule kwenye mchezo, anasema, nyuma ya mawe ya nyumba ya paa jekundu kuna mtu anagonga na kupiga hodi kwa lafudhi ya Tanga, na yeye hathubutu kumjibu, maana hajui kama huyo aliyemo yuko peke yake.

Laptopu bado iko sebuleni, na Lulu anapenda kukaa mbele yake, imefungwa hivyo hivyo, ametega sikio. Ameanza kujifunza kusema. Sisi majirani tunamfundisha maziwa, tunamfundisha paka, tunamfundisha kwaheri. Neno karibu hatumfundishi.