Mkanda Uliofuliwa kwa Sabuni

Haya ni kweli tupu. Nikiongeza hata chumvi kidogo, meno yangu mawili yaliyobaki yaning'oke.

Mwanangu wa kike ana duka la kuosha mikanda ya picha ya kamera za zamani. Mtoto wake, mjukuu wangu wa miaka kumi na miwili, hushinda pale kila atokapo shule. Tunamwita Dodoso kwa sababu haachi kuuliza. Alikuwa na daftari, juu ameandika: "Wanahitaji nini." Mteja mmoja, fundi saa, alihitaji betri ya kamera ya babu yake. Mwalimu mmoja alihitaji picha zenye chembechembe kama za zamani.

"Ana simu nzuri, halafu anatafuta picha zenye vumbi," nilimcheka yule mwalimu. "Akili ni nywele, na yule ana upara."

"Babu, kwani mkanda huoshwaje?"

Mimi niliendesha gari la taka miaka thelathini. Lakini nitashindwaje na swali la mtoto? "Enzi zangu za upigapicha tuliufua kwa sabuni ya unga, tukauanika juani. Picha zilitoka zinang'aa kama meno ya bwana harusi."

Dodoso akaandika.

Jumanne moja mama yake alikwenda kununua dawa za kuoshea. Akaingia mama mmoja, fundi cherehani, na mkanda kwenye kitambaa.

"Unahitaji nini, shangazi?" Dodoso akauliza, kalamu mkononi.

"Kumwona marehemu mume wangu. Humu amembeba binti yetu angali mchanga. Hatuna picha yake nyingine. Leo binti anatimiza miaka tisa, nimemwahidi atamwona baba yake."

Mimi nilikuwa nasinzia kwenye kiti. Dodoso hakutaka kumchelewesha. Akauvuta mkanda wote nje ya kikopo chake, akaufua kwenye beseni, akauanika kwa vibanio.

Mama yake aliporudi, mfuko wa dawa ulimponyoka. "Nani ameutoa mkanda nje, kwenye mwanga? Mwanga umefuta picha zote!"

"Nimeuosha, mama."

"Watoto wa siku hizi," nikasema, nikitazama dari. "Hawaulizi."

Dodoso alinitazama, akalifumbata daftari lake.

Jioni fundi cherehani alirudi. Dodoso alimweleza mwenyewe. Yule mama akauzungusha mkanda kidoleni kama uzi, taratibu, mpaka mwisho.

"Nani alikufundisha?"

Dodoso akafungua daftari, akasoma: "Babu amesema, mkanda hufuliwa kwa sabuni ya unga."

Dari halikuwa na la kunisaidia.

"Mzee," fundi akasema, "mume wangu alikufa mara moja. Wewe umemuua mara ya pili, kwa mzaha."

Mwanangu alimshika Dodoso bega. "Neno la kazi huulizwa kwa mwenye kazi, mwanangu. Kuosha kwetu si kufua. Hufanywa gizani, kwa dawa." Kisha akanigeukia. "Nawe baba, 'sijui' ni neno fupi. Lingekugharimu nini?"

Nikaingiza mkono mfukoni.

"Baki na pesa zako," fundi akasema. "Utalipa kwa mdomo huohuo. Twende ukamwambie binti yangu."

Binti alikuwa mlangoni kwao, gauni limepigwa pasi, nywele zimesukwa upya. Alitazama mikono yangu mitupu.

"Babu, baba yangu yuko wapi?"

Uwongo ulinijia ukiwa umeshaiva, mtamu. Nikaumeza.

"Nimemfuta mimi," nikasema.