Ufunguo Mmoja Ulikosekana

Mapenzi mengine huanza kwa maua. Haya yalianza kwa grisi, asubuhi ya zamu kupishana, kwenye msongamano mbele ya ubao wa funguo. Kila anayeshuka kwenye handaki la mashine huchukua ufunguo wake pale na kuurudisha akipanda, na tundu moja likibaki tupu, mashine haiwaki. Fundi wa sumaku aligeuka na ufunguo wake mkononi, begi lake la spana likampaka grisi dada mmoja kwenye blauzi ya njano iliyonyooka kwa pasi.

"Umeiona blauzi yangu?" dada akafoka.

"Nimeiona tangu mlangoni. Ndiyo maana nimegeuka."

Dada alijaribu kununa, kicheko kikamponyoka. Alikuwa kiongozi wa zamu katika chumba cha udhibiti, na wenzake walimwita Bi Zamu. Kazi yake ilikuwa kurusha miale miwili ya protoni ndani ya mabomba yaliyozunguka chini ya mji mzima, mmoja huku na mwingine kule, mpaka igongane uso kwa uso. Sumaku za fundi, zilizopozwa kwa gesi baridi ya heli, ndizo zilizoipindisha miale isichome ukuta.

Haukupita muda simu zikawa haziishi.

"Mpenzi, leo umegonganisha chembe ngapi?"

"Chache kuliko uongo wako."

"Nami lini nitagongana na wewe?"

"Pinda kona vizuri kwanza, utanikuta."

Kisha mashine ikafungwa miezi kadhaa kwa matengenezo, na fundi akapanga Jumapili ya kumpeleka mchumba kwa dada yake mkubwa, aliyemlea tangu mama yao afariki. Mashine ingewashwa Jumatatu. Jumapili hiyo asubuhi alikuwa bado handakini akikaza kiungo cha mwisho cha bomba la heli, simu ya ukutani ikalia.

"Mpenzi, usinune. Wamesogeza siku ya kuwasha. Mwale unaingia leo mchana, na zamu ni yangu."

"Dada ameshapika. Amesuka hadi nywele kwa ajili yako!"

"Mwambie wifi yake anamwomba radhi. Nitakuja kesho, nakuapia."

"Wifi gani? Wewe umeshaolewa na hilo bomba."

Akakata. Alipanda na lifti huku anafura, akaupita ubao wa funguo bila kuinua macho, ufunguo ukiwa mfukoni mwa ovaroli.

Mezani kwa dada yake simu ikalia. Bi Zamu. Ikalia tena.

"Si upokee?" dada yake akasema.

"Naye asubiri. Mbona sisi tumesubiri?"

Akaigeuza kifudifudi, akavuta sahani.

Kesho yake kitambulisho chake kilikataliwa getini. Aliambiwa kwamba ufunguo wake ulisimamisha mashine, handaki lote likasakwa, na aliyetoa jina lake ni Bi Zamu. Kazi ikaisha hapo hapo. Kwa majuma mengi alitengeneza majokofu ya watu na kumwambia kila mteja kwamba aliuzwa na mwanamke. Hakutaka kusikia maelezo ya mtu.

Siku aliyoitwa kuchukua spana zake, akamwona Bi Zamu ndani ya mgahawa unaotazamana na geti. Blauzi ilikuwa ile ile ya njano, lakini imemlegea mwilini. Fundi akaketi mezani pake bila kukaribishwa.

"Kwa nini ulinitaja?"

Bi Zamu akasukuma kikombe chake kando. "Kiungo chako kilivuja heli. Heli ikijaa handakini inafanya nini, fundi?"

"Inafukuza hewa," akajibu taratibu. "Mtu anazimia bila kujua."

"Na tundu lako lilikuwa tupu. Nilikupigia nisikie sauti yako tu, hata ungenitukana. Hukupokea. Waokoaji hawashuki bila jina, nikawapa jina lako. Kisha nikavaa mtungi wa oksijeni nikashuka nao."

"Wewe? Na zamu je?"

"Niliiacha. Anayeacha kiti mashine ikiwa na hitilafu hakirudii. Sasa hivi napangia wageni ratiba. Nilikuita handaki zima. Nilimulika chini ya kila sumaku nikitafuta miguu yako. Tulipopanda ndipo mlinzi wa geti akakumbuka kwamba alikuona ukitoka."

Fundi alihisi aibu ikimpanda hadi masikioni. Akamshika mkono. "Nisamehe, mwale wangu. Tuanze upya. Tuoane, hata wiki hii."

"Ulikuwa unafanya nini simu ikilia?"

Angeweza kudanganya. "Nilikuwa nakula."

"Uliliona jina langu?"

"Nililiona."

Bi Zamu akautoa mkono polepole. "Nimekusamehe, kweli kabisa. Ila mle ndani nilikulilia kama marehemu. Nikiwa mkeo, kila utakapochelewa kupokea simu nitashuka tena. Sina nguvu hizo."

"Nitapokea kila mara!"

"Najua utajaribu." Akajifunga mtandio, akatoka.

Fundi alibaki na kikombe cha mtu mwingine mbele yake. Akatoa simu, akapiga. Kupitia dirisha alimwona akisimama ng'ambo ya barabara, akaitoa simu mkobani, akalisoma jina, akairudisha ikiwa bado inalia.